Barua ya wazi kwa KCAA na Kamishna wa Bima: ndege binafsi ikianguka, aliye chini atalipwa na nani?

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya (KCAA)
Kwa Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA)
Nakala: Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu, Bunge la Taifa

Waheshimiwa,

Tarehe 10 Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, kando ya barabara kuu ya kwenda Mombasa. Waliokuwa ndani walinusurika. Watu watatu waliokuwa chini wakiendelea na shughuli zao walifariki, akiwemo mwendesha bodaboda. Tarehe 7 Agosti mwaka huohuo, ndege ya kubeba wagonjwa iliyoruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ilianguka Mwihoko, Kiambu. Wanne waliokuwa ndani walikufa, pamoja na wawili waliokuwa chini, watu ambao hawakuwa na safari yoyote ya ndege siku hiyo.

Ndege hizo mbili hazikuwa za watu binafsi, na sikuandika barua hii kumhukumu yeyote. Chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi. Nazitaja kwa sababu Cessna ya mtu binafsi hupita juu ya mapaa yaleyale. Inaruka kutoka Malindi, Ukunda, Vipingo, Manda, Wilson, na kutoka viwanja vya vumbi katika mashamba ya watu. Siku itakapoanguka, familia iliyo chini itauliza maswali ambayo leo hakuna ofisi ninayoweza kuwaelekeza wakapate jibu siku hiyohiyo: ndege hii ilikuwa na bima? Ya kampuni gani? Ya kiasi gani? Na je, bima hiyo bado inasimama?

Mimi ni dalali wa bima hapa Mombasa. Kwa miaka mingi sehemu ya kazi yangu imekuwa kukaa na wenye ndege ndogo, wakulima, wenye hoteli, madaktari, na kuwasomea mikataba yao kipengele kwa kipengele. Ni watu makini. Wengi wanajua uzito wa mafuta waliyotia hadi lita ya mwisho. Lakini mkataba wa bima huwekwa kwenye faili, na mtu huridhika kwamba ada imelipwa na cheti kipo. Swali la nne katika yale niliyoyataja, kama bima itasimama siku ya ajali, ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalonifanya niwaandikie.

Mkataba wa kawaida wa bima ya ndege binafsi hutungwa kwa mfano wa mkataba wa soko la bima la London, na una sehemu tatu. Ya kwanza ni bima ya ndege yenyewe. Hapa huandikwa thamani ambayo pande mbili zimekubaliana, na mwenye ndege huchagua kama ikingwe ikiwa angani na ardhini, au ardhini pekee. Usiidharau hiyo ya ardhini. Huko Maasai Mara, fisi hutafuna matairi ya ndege iliyolala nje usiku, ndiyo maana marubani huizungushia matawi ya miiba. Na hapa pwani chumvi na unyevu hula mabati taratibu, hasara ambayo bima hailipi kamwe kwa kuwa huhesabiwa uchakavu. Sehemu ya pili ni dhima kwa watu walio nje ya ndege na mali zao: nyumba, pikipiki, ng'ombe, mtu aliyeketi kibarazani. Ya tatu ni dhima kwa abiria.

Wenye ndege wengi huiulizia sana ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayolinda mali yao. Ya pili na ya tatu hutajwa mwishoni, kalamu ikiwa tayari mkononi.

Baada ya sehemu hizo tatu huja ukurasa wa mambo yasiyokingwa, na ukurasa huo hutawala sehemu zote tatu kwa pamoja. Naomba mtulie hapa, kwa maana tatizo lote liko hapa. Ndege ikirushwa na mtu ambaye hakutajwa katika mkataba, au asiyetimiza saa za kuruka zilizoandikwa, hakuna malipo. Ikitumika kwa kazi tofauti na iliyotajwa, hakuna malipo. Ikitoka nje ya eneo lililokubaliwa, ikibeba abiria zaidi ya idadi iliyoandikwa, ikitua au kuruka mahali pasipofaa kwa mujibu wa mwongozo wa mtengenezaji bila dharura, hakuna malipo. Cheti cha kustahili kuruka kikiwa kimekwisha muda, hali ni hiyohiyo.

Kwa mwenye ndege, masharti haya ni ya haki. Yeye ndiye aliyetia sahihi, yeye ndiye anayeshika funguo, na kampuni ya bima haiwezi kukubali hatari isiyoijua. Akimpa rafiki yake ndege aende Lamu na rafiki huyo hayumo katika orodha ya marubani, akipoteza ndege yake asilipwe, nitamwonea huruma lakini sitamtetea. Mjane wa Kwachocha je? Yeye hakuiona orodha hiyo. Hakuwa na uwezo wa kumzuia rubani asiruke. Hata hivyo sharti lilelile linalomnyima mwenye ndege thamani ya bati na injini linaweza kumnyima mjane fidia ya mume, kwa kuwa limeandikwa kwenye ukurasa mmoja na linafanya kazi kwa sehemu zote.

Nimewahi kuliona jambo hili likikaribia kutokea. Mwenye ndege mmoja aliniletea jina la rubani mpya ili liongezwe kwenye mkataba, nikatambua kutoka kwa kitabu cha safari kwamba rubani huyo alikwisha kuirusha ndege hiyo kwa majuma kadhaa, tena juu ya miji. Hakuna lililotokea. Lakini kwa majuma yale, kila aliyekuwa chini ya njia yake alikuwa bila kinga, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Sasa tazameni jinsi sheria yetu inavyoitendea pikipiki. Sheria ya Bima ya Magari kwa Hasara za Watu wa Tatu, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari au bodaboda kuwa na bima hiyo, na inaitaka kampuni ya bima ilipe hukumu ya mahakama kwa aliyeumizwa, hadi shilingi milioni 3 kwa kila dai. Mengi ya masharti ambayo kampuni ingeyatumia dhidi ya mteja wake, sheria hiyo inayazuia yasitumike dhidi ya aliyegongwa. Kampuni hulipa kwanza, kisha humgeukia mteja wake aliyekiuka mkataba. Sheria hiyo ina mianya, na kuna kesi nimeona zikizungushwa hadi mdai akachoka. Lakini msingi wake ni sahihi: ugomvi kati ya kampuni na mteja wake usimwangukie mtu wa tatu.

Ombi langu kubwa ni hilo. Wekeni msingi huohuo katika kanuni za usafiri wa anga, kwa maneno ambayo mwananchi atayaelewa bila kumlipa wakili: kila ndege iliyosajiliwa Kenya, iwe ya biashara au ya mtu binafsi, iwe na bima ya walio chini, na hadi kiwango cha chini kitakachowekwa, bima hiyo ilipe hata kama rubani hakutajwa, hata kama cheti kimekwisha muda, hata kama ndege ilitua shambani. Kampuni ikiisha kulipa, imfuate mwenye ndege hadi shilingi ya mwisho. Nitawasaidia kwa mikono miwili.

Kuhusu kiwango, msianzie sifuri. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2004 kanuni nambari 785 ambayo hupima bima ya walio chini kwa uzito wa juu ambao ndege inaruhusiwa kuruka nao. Hesabu hufanywa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani. Ndege isiyofika kilo 500 hutakiwa bima ya SDR 750,000. Isiyofika kilo 1,000, SDR milioni 1.5; isiyofika kilo 2,700, SDR milioni 3; isiyofika kilo 6,000, SDR milioni 7; kisha hesabu huendelea kupanda. Cessna 172, ndege ndogo inayojulikana kuliko zote katika viwanja vyetu, ina uzito wa juu wa kilo 1,100 hivi, kwa hiyo ingeingia katika daraja la SDR milioni 3, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 500 za Kenya.

Sisemi tunakili kiwango hicho. Ada yake ingewafanya baadhi ya wenye ndege wauze, na wengine, naogopa, waruke bila bima kabisa. Ninachotaka tuchukue ni mpangilio wenyewe: uzito uamue kiasi. Ndege ya kilo 600 yenye viti viwili haiwezi kuleta madhara sawa na Cessna Caravan ya karibu kilo 4,000 iliyojaa mafuta, na si haki zikingwe kwa kiasi kimoja. Kiasi chenyewe kipangwe na wataalamu wa hesabu za bima walio katika ofisi yako, Mheshimiwa Kamishna, wakiangalia fidia ambazo mahakama zetu hutoa kwa kifo na kwa ulemavu. Shilingi milioni 3 za bodaboda hazitoshi kwa ndege. Nyumba tatu zikiungua pamoja na watu wake, fedha hizo zitakwisha kabla ya mazishi.

Kuna watakaowaambia kwamba Marekani, nchi yenye ndege ndogo nyingi kuliko nyingine yoyote, sheria ya shirikisho haimlazimishi mwenye ndege binafsi kukata bima ya dhima. Ni kweli. Lakini huko aliyeumizwa hupata wakili anayekubali kulipwa kesi ikishinda tu, na mwenye ndege huwa na mali inayoweza kufuatwa. Familia ya Kwachocha haina njia hiyo. Kwetu, bila bima, hukumu ya mahakama hubaki karatasi.

Nije kwa abiria. Wakenya wengi wamesikia kwamba anayekufa ndegeni hulipwa kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imeuridhia. Tangu 28 Desemba 2024 kiwango ambacho shirika la ndege haliwezi kukikwepa kwa kusema halikuwa na kosa ni SDR 151,880 kwa kila abiria. Lakini mkataba huo unahusu usafirishaji wa kimataifa wa kulipia, au wa bure unaofanywa na shirika la usafiri wa ndege. Mtu aliyealikwa na jirani yake wapande ndege Jumamosi waende Lamu wakale samaki, haumgusi. Anachotegemea ni sehemu ya tatu ya mkataba wa jirani, kama ilinunuliwa, na kwa kiasi kilichochaguliwa na jirani huyo. Mara nyingi nimekuta kikomo cha kila abiria ni kidogo mno, kimefichwa ndani ya kiasi kikubwa kinachopendeza machoni.

Hatari kubwa zaidi iko kwa abiria anayetoa fedha. Jambo hili linajulikana viwanjani na halisemwi kwa sauti: mwenye ndege binafsi huchukua wageni wa hoteli, nao "huchangia mafuta". Mchango huo ukizidi gharama halisi ya safari, mkataba wa matumizi binafsi umekwisha kukiukwa, na mgeni yule anaruka bila kinga juu ya msitu wa Arabuko-Sokoke akidhani amekodi teksi ya angani yenye leseni. Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba KCAA itoe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, unaosema ni mchango gani unaruhusiwa na ni upi unaigeuza safari kuwa biashara. Ubandikwe katika kila kiwanja, pale abiria wanapopita. Mimi huwaeleza wateja wangu, lakini hoteli na mgeni wake hawaji ofisini kwangu.

Kaskazini mwa pwani kuna jambo jingine. Mikataba karibu yote huondoa vita, utekaji nyara na ugaidi, na mwenye ndege hulazimika kununua kinga hiyo kando. Baada ya shambulizi la 5 Januari 2020 katika kambi ya Manda, Lamu, ambapo ndege ziliteketezwa, hakuna anayeweza kusema hatari hiyo ni ya kwenye vitabu. Anayeruka mara kwa mara kwenda Manda au Kiwayu aulizwe na dalali wake, kabla ya kutia sahihi, kama ameinunua.

Sasa suala la kujua. Gari likikugonga leo, polisi anaweza kuhakiki cheti cha bima yake kwa njia ya kidijitali, kwani vyeti vya magari vilikwisha hamishiwa huko. Tanzania wamefika mbali zaidi: kupitia mfumo wa mamlaka yao ya bima, TIRA, mwananchi huingiza nambari ya gari kwenye simu akajua kama lina bima. Ndege zetu zina nambari kubwa ubavuni, zinaanzia 5Y, zinasomeka kutoka barabarani. Daftari la usajili liko KCAA. Taarifa za bima ziko kwa kampuni zilizo chini ya IRA. Yanayohitajika ni ofisi mbili kuunganisha madaftari mawili, ili mtu akiandika herufi tatu zinazofuata 5Y aone: ina bima ya walio chini au haina, ni ya kampuni gani, na inakwisha lini. Thamani ya ndege na jina la mwenyewe vinaweza kubaki siri. Hatuombi kuchungulia mali ya mtu.

Mfumo huo ungewafaa hata wenye ndege. Mkataba ukikwisha usiku wa manane, KCAA ingejua asubuhi, na rubani angepata ujumbe kabla ya kuwasha injini. Leo mtu husafiri wiki tatu, anarudi, anaruka, na hakumbuki kwamba siku ya kulipa ilipita.

Liko pia jambo la London. Sheria ya Bima, Sura ya 487, yataka biashara ya bima ya Kenya iwekwe kwa kampuni zilizosajiliwa Kenya, isipokuwa Kamishna akiruhusu vingine. Ni sheria nzuri. Lakini kampuni zetu hubakisha kipande kidogo tu cha hatari ya ndege, na sehemu kubwa huipeleka nje kwa bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hujikatia. Wanaobeba mzigo huo huko huweka sharti kwamba wao ndio watakaoamua dai litashughulikiwaje. Basi mdai wa Malindi anabisha hodi kwenye ofisi ya Mombasa, Mombasa inauliza Nairobi, Nairobi inasubiri London, na London inasubiri ripoti ya uchunguzi ambayo huchukua miezi na hata zaidi ya mwaka. Mwenye mkataba anaweza kuvumilia. Familia iliyofiwa na mtafutaji haiwezi, kwa sababu ada ya shule haisubiri ripoti.

Kwa hiyo naomba malipo ya awali yawe ya lazima: ndani ya siku 30 tangu ajali, kampuni iliyotoa bima itoe kiasi kilichotajwa na kanuni kwa kila aliyefiwa na kila aliyelazwa hospitali, bila kukiri kosa, kiasi ambacho baadaye kitatolewa katika fidia kamili. Mkataba wa Montreal tayari unalitambua wazo hili kwa abiria wa mashirika, pale sheria ya nchi inapolitaka. Lipanueni lifike hadi chini. Zipo taasisi za bima mtawanyo hapahapa Nairobi, Kenya Re na ZEP-Re, ambazo zingeweza kukusanya mfuko wa pamoja wa kulipia hatua hiyo ya kwanza bila kungoja barua kutoka ng'ambo.

Wenzangu wenye ndege watalalamika kuhusu gharama, na wana haki ya kusikilizwa. Ndege ndogo nchini si za matajiri wa kutembea peke yao. Nazijua zinazofuatilia tembo, zinazopeleka daktari wa mifugo, zinazomtoa mama mjamzito kwenye kisiwa mvua zikikata barabara. Pimeni ada kwa uzito, mpeni nafuu aliyeegesha ndege kwa miezi kadhaa bila kuiruka, na msiwatoze ushuru juu ya sehemu ya bima inayowalinda walio chini. Hayo yako ndani ya uwezo wa Serikali. Lakini gharama ya kumkinga aliye chini ni sehemu ya gharama ya kuruka, sawa na mafuta. Asiyeweza kuilipa hajamaliza kuinunua ndege yake.

La mwisho ni la mahali. Kanuni hizi zikitungwa, Katiba inataka wananchi washirikishwe, na kwa kawaida tangazo hutoka gazetini, kwa Kiingereza, na kikao hufanyika hotelini Nairobi. Nawaomba kikao cha kwanza kifanyike Malindi, kwa Kiswahili, mahali ambapo wakazi wa Kwachocha wanaweza kufika kwa miguu, na kingine Mwihoko. Rasimu iwafikie mwezi mmoja kabla. Nitakuja na mikataba halisi niliyofuta majina ya wateja, niwaoneshe wananchi ukurasa niliouzungumzia, na niko tayari kujibu maswali ya yeyote, wenye ndege na wasio nazo, hadi yatakapokwisha.

Wenu kwa heshima,

Dalali wa bima, Mombasa